Sifa za Kompyuta Iliyogoma

Nyumbani kwangu hakuna anayeniambia ukweli. Friji inaunguruma usiku kucha kama inayofanya kazi, asubuhi maziwa yamechacha. Simu inadai ina chaji asilimia 30, nikiipokea tu inazimika. Fundi cherehani wa mtaani amenitazama machoni mara nne akasema kesho. Kompyuta peke yake, tena usiku ule nilipoinunulia zawadi, ndiyo iliyokaa mbele yangu na kukataa waziwazi kuwaka. Tangu hapo nimeisikia ikitukanwa na kila aliyeingia sebuleni, na mimi nikiwa wa kwanza. Leo naisemea.

Nahariri video za harusi hapa Dar es Salaam. Kompyuta yangu ilifanya kazi ofisini Ulaya hadi ikastaafishwa, ikaja kwa kontena, nami nikaipa ajira ya pili. Ilikuwa na uvumilivu wa punda: video ya saa mbili iliitoa kwa usiku mzima bila kulalamika. Mimi ndiye niliyekosa uvumilivu. Nikaenda Kariakoo nikanunua kadi ya grafiki ya mkono wa pili, yenye feni mbili na mng'aro wa gari la bwana harusi, nikamwambia mke wangu kuifunga ni dakika kumi.

Nilifungua kesi ya kompyuta kwa kisu cha mezani, maana bisibisi ilikuwa imeazimwa. Nikaisukuma kadi kwenye sloti mpaka ikalia "ka!", nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka zote. Taa ikawaka. Skrini ikatangaza kwamba haioni ishara yoyote, kisha ikajizimia zake.

Tazama adabu ya kwanza ambayo kompyuta ilinifunza. Kwa dakika arobaini nilimlaumu muuzaji, nikamlaumu aliyemuuzia, nikaulaumu umeme. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa palepale ulipozoea, kwenye tundu la mazabodi, ilhali mashine nyingi zikishaona kadi mpya hulifunga tundu hilo na kutoa picha kwenye kadi. Mtoto wangu wa darasa la sita ndiye aliyeuliza, "Baba, kwani hii kadi mpya haina matundu yake?" Nikauhamisha waya bila kumjibu.

Bado giza. Ila sasa nilikuwa nimenyamaza, nikasikia kwamba muda wote huo kompyuta ilikuwa ikisema.

Hapa lazima nitaje ukoo wake, maana hakuna sifa bila nasaba. Tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mashine za ukoo huu hujikagua kabla ya kugusa kazi yoyote: ubongo upo, kumbukumbu ipo, macho yapo. Penye hitilafu hulia. Na fikiria busara ya waliobuni jambo hilo. Mashine isiyo na picha itatumiaje skrini kukuambia kwamba haina picha? Wakaipa sauti. Baadhi ya koo hulia mara nane kama kadi ya picha ina tatizo, nyingine hutoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Ya kwangu ni ya hawa wa mmoja mrefu na miwili mifupi, lakini kulijua hilo kulinigharimu usiku, kwa sababu kila nilipohesabu ilipita bodaboda, au mbwa wa jirani akaongeza wake. Mara nikapata mitano. Mke wangu alinikuta saa saba usiku nimelaza sikio juu ya kesi kama mkunga, akarudi kulala bila neno.

Kesho yake nikasoma kibandiko cha pawa sapulai, kitu ambacho mtu mwenye akili angekisoma kabla ya kwenda Kariakoo. Wati 240 kwa mashine nzima. Kadi yangu peke yake ilitaka 120. Sloti inayoibeba hutoa wati 75, basi, na zinazobaki kadi huzidai kupitia mdomo wa pini sita ulio ubavuni mwake. Mdomo huo ulikuwa wazi tangu jana, unanitazama. Nilidhani ni pambo. Na pawa sapulai yangu, ambayo maishani mwake ililisha barua na hesabu za ofisi, haikuwa na waya wa kuujaza.

Nikampigia muuzaji. "Bosi, hiyo ndogo sana," akasema. "Kuna kiunganishi cha elfu tano tu, unavuta umeme kwenye waya wa hadi diski, mambo yanaenda." Nimewahi kukiona kiunganishi cha namna hiyo mezani kwa fundi mmoja, baada ya mambo kwenda. Plastiki ilikuwa imenyauka kama kandambili iliyosahaulika karibu na jiko la mkaa. Hesabu yake haina siri: kichwa cha waya huo wa hadi diski, waitao sata, kimepimwa kubeba ampia 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na mdomo wa pini sita una ruhusa ya kunywa 75. Kikibebeshwa zaidi ya uwezo wake hupata moto, na kompyuta yangu inakaa futi moja kutoka pazia.

Sasa wanaosema mashine iliyogoma ni mkosi, waniambie wangependa ipi. Ile inayokubali? Namjua mwenzangu mwenye kompyuta yenye moyo mwema, isiyomkatalia mtu. Iliipokea kadi kubwa kwa umeme wa kubahatisha, ikawaka, ikapokea harusi nzima, ikafika asilimia 94 mama mkwe akiwa katikati ya kutunza, ikazimika na faili. Mara tatu. Hiyo ndiyo khiyana: kuitikia "ndiyo" mlangoni na kumtupa mtu njiani. Yangu ilikataa mapema, kwa sauti, na ikataja sababu kwa idadi ya milio. Fundi cherehani angekuwa na nusu ya uadilifu huo, watu wasingekwenda harusini na pindo la pini.

Nikarudi Kariakoo kubadilisha. Nikapewa kadi ndogo, feni moja, isiyo na mdomo ubavuni, inayoishi kwa wati za sloti peke yake. Ilikuwa ya bei nafuu zaidi. Chenji, akasema muuzaji, njoo kesho.

Nilipoifunga, mashine ikagoma tena. Nakiri nilipandisha sauti. Lakini mlio ulikuwa umebadilika, sasa ulijirudia mfululizo bila kukoma, na huo kwa mashine nyingi za ukoo wake ni kilio cha kumbukumbu: katika sukuma-vuta zangu nilikuwa nimeitikisa ramu kwa kiwiko. Nikaichomoa, nikaomba ufutio kwenye mkoba wa shule, nikasugua meno yake ya dhahabu taratibu, nikapuliza vumbi. Nikatoa na betri ya saa, ile bapa kama sarafu, ili isahau mipangilio yote ya kadi ya kwanza. Nikanywa chai. Nikarudisha kila kitu na kubonyeza kitufe huku nimefumba macho.

Mlio mmoja, mfupi. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho, na nimerekodi kwaya nyingi.

Skrini ikaja nyeusi, na maandishi meupe: saa imepotea, tafadhali weka tarehe, au bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza F1. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshapiga simu mara mbili tangu alfajiri. Intaneti ya kuisahihisha saa ilikuwa imekwisha pamoja na bando. Video ikatoka kwa saa moja na robo, nikaitia kwenye flashi, nikampa bodaboda aipeleke.

Jioni akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Video nzuri, Mungu akubariki. Ila wakwe wameifungua hapa kwenye kompyuta yao, wanauliza, mbona inaonyesha binti yangu kaolewa Januari 2010? Mwaka huo alikuwa darasa la tano."

Nikamweleza kwamba mashine haikumsingizia mtu. Iliniuliza tarehe kwa heshima zote, mimi ndiye niliyekataa kujibu.

"Basi," akasema, "iombe radhi, halafu uniletee nyingine."