Mwongozo kwa Mume na Mke Wanaokwenda Tabora Kumtafuta Babu

Tiketi mmeshakata. Mume anasema babu yake mzaa baba alikuwa tajiri mkubwa Tabora, na mke anasema wa kwake alikuwa tajiri zaidi. Hongereni. Huko kwenu Muscat kumejaa watu waliolelewa kwa masimulizi kama hayo, hasa katika familia zilizohamia huko kutoka Afrika Mashariki baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Fuateni maelekezo haya, msije mkarudi mikono mitupu.

1. Chagueni babu mmoja

Kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani. Likizo haitoshi kwa koo mbili, na ndoa nayo haitoshi. Chagueni babu mwenye cheo na shamba. Kama ukoo ulikuwa na mpishi au mpagazi, mwacheni apumzike. Nani alipanda ndege kumtafuta mpagazi?

2. Pitieni njia ya misafara

Zamani, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa miezi miwili, mitatu, kwa miguu, na mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na frasila mbili begani, kilo 30 na ushei. Nyinyi pandeni treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha muunge na reli ya Mjerumani iliyofika Tabora mwaka 1912. Mkishuka stesheni, mwiteni kijana awabebee sanduku, nyinyi mkinung'unika kwamba viti vimewaumiza mgongo. Historia huenziwa hivyo.

3. Pigeni picha Kwihara

Hapo, karibu na Tabora, mtapelekwa kwenye tembe walilokaa wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mume asimame mlangoni, mikono nyuma, uso wa mwenye nyumba. Picha ikifika Muscat, andikeni tu "Tabora, kwetu". Mjomba hatauliza Livingstone alikuwa ukoo gani.

4. Kubalini mwembe mtakaoonyeshwa

Tabora ni mji wa miembe, kwa hiyo lazima mmoja uwe wa babu. Mzee atakayewaongoza hatakurupuka. Atawatazama kwanza, aone macho yenu yametua wapi, kisha atainua fimbo na kuuonyesha mti huohuo: "Ule pale. Aliupanda kwa mkono wake." Msiulize alijuaje. Toeni ya soda.

5. Pokeeni ndugu

Siku ya pili watajitokeza. Mmoja ana pua ya babu, mwingine ana ada ya chuo ambayo haijalipwa. Huyu wa ada ndiye wa damu kabisa, na ndiye atakayewaletea galoni ya asali. Bibi kizee akiwaamkia "Mwangaluka", itikieni kwa heshima, kisha ondokeni haraka kabla hajauliza swali lake: "Na bibi yenu alikuwa binti wa nani?"

6. Habari za bibi msiguse

Hapo ndipo safari huharibika. Wafanyabiashara wengi waliotoka pwani na Oman hawakuja na wake zao. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ukwe huo ndio uliompa nguvu Tabora. Mkichimba, mnaweza kukuta babu yenu mwenye fahari alikuwa mkwe aliyekaribishwa ukweni. Au mkakuta kwamba bibi hakuwa binti wa mtemi, bali suria aliyeletwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, katika msafara uleule wa pembe za ndovu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kusafiri. Habari hizo haziendi na picha ya mlangoni.

Lakini kama mnataka mizizi kweli, anzeni hapo hapo palipokatazwa. Kabla ya kupanda ndege, ketini na mtu mzima kuliko wote nyumbani, muandike majina ya mabibi: bibi nani, binti wa nani, alitoka kijiji gani, aliolewa au aliletwa. Jina la Kinyamwezi au la Kimanyema ambalo ukoo ulilificha ndilo litakalowafikisha kwa ndugu wa kweli, maana babu alikuja Tabora kama mgeni. Kama kulikuwa na mwenyeji, alikuwa bibi. Ulizeni sasa, wazee wakiwa bado hai.