Namna ya Kumwogopa Kinyonga Ipasavyo

Kwanza, ogopa. Usijikaze. Uko njiani Zirai, kwenye milima ya Usambara, tenga la ndizi kichwani, ukungu haujainuka, na pembeni kwenye iliki yuko kinyonga dume wa pembe tatu. Jicho moja linakutazama wewe, la pili linashughulika na mambo mengine. Ruka nyuma. Piga ukelele ukitaka. Mwili umeshaamua kabla yako: sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala imegonga kengele, na tezi zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini kwenye damu. Ini limetoa sukari, moyo unakwenda mbio, tumbo limesimamisha kazi, viganja vimelowa. Umeandaliwa kumkimbia chui. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaandikia kitabu mabadiliko haya mwaka 1915, basi usione haya mbele ya watoto.

Pili, tua tenga. Hakuna anayetulia na mkungu wa ndizi utosini.

Sasa pumua, na hapa uwe makini, maana ndipo wengi tunapokosea. Tukishtuka, tunavuta pumzi kubwa za harakaharaka. Hewa ya ukaa hupungua mno katika damu, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo inachonyota, na mtu huapa kwamba amerogwa. Fanya kinyume. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka 4, kisha toa taratibu mpaka 6 au zaidi. Kila pumzi inapotoka, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, hupunguza mwendo wa moyo. Rudia. Adrenalini haikai sana kwenye damu; ukiacha kuichochea, dakika chache zinatosha. Magoti yakiendelea kutetemeka, yaache yatetemeke.

Ukishatulia, mtazame. Wengi tumekua tukiambiwa ana sumu, ana mkosi, akikugusa umekwisha. Hana sumu yoyote. Ameiva rangi, amevimba, amefungua kinywa na anafoka kwa sababu anaogopa, na chui wa leo ni wewe. Tafadhali usimpige jiwe. Usambara ina vinyonga wasiopatikana penginepo popote duniani, na wengi huuawa kwa hofu ambayo ingepoa kabla ya jiwe kuokotwa.

Mwongozo huu usikupumbaze lakini. Ukikuta nyoka mdogo mwenye vipembe juu ya macho, huyo ana sumu kweli: isikilize kengele, rudi nyuma, mpishe. Na ikiwa moyo unakwenda mbio usiku kucha pasipo kinyonga wala nyoka, wiki hadi wiki, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyohivyo. Milima hii ina hospitali ya Lutindi, ambayo imewahudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Kwenda huko si aibu hata kidogo.

Kinyonga akiwa katikati ya njia, mwekee kijiti mbele ya miguu. Atapanda, ila atachukua muda wake. Mpeleke upande aliokuwa akielekea, si ule alikotoka, la sivyo ataanza safari upya. Akikataa kupanda, mzunguke. Jitwike tenga, wanunuzi wa ndizi hawangoji.