Jirani Ana Mashine

Mwanamume wa Dar es Salaam akishapaua, akaweka geti na kutandaza pevingi uwanjani, lazima atafute kitu kingine cha kumla hela. Wengine hufuga mbwa wanaokula nyama kuliko watoto. Mimi nilishikwa na hamu ya mashine ya kuoshea kwa presha, ile yenye magurudumu na bunduki ya maji.

Muuzaji wa Kariakoo alinipa somo. "Bosi, hii ina bar 130." Nikamwuliza kama 130 ni nyingi. "Tairi la gari lako lina mbili na ushee." Akaongeza kwamba inakula lita sita tu kwa dakika, nusu ya mpira wa bustani au hata chini ya hapo.

Hapo hakudanganya. Ila kwetu nani anaosha gari kwa mpira? Mtaa ambao maji hutoka usiku wa manane, tena kwa siku zake, gari huoshwa kwa ndoo mbili, na ya pili ikibakia hunyweshea mchicha. Kuniambia nitaokoa maji ni kumsifu mtu kwa kuacha pombe ambayo hajawahi kuonja. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ilipotoa mashine yake ya kwanza ya kubebeka kwa matumizi ya nyumbani, mwaka 1984, mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa na koki inayotoa maji muda wote. Hakuwa na namba ya dereva wa boza.

Kabla ya kutoa laki tatu na nusu, nikaenda kuazima kwa Baba Naima. Alinikabidhi mashine haraka mno, pamoja na ekstensheni yake. "Chukua, jirani. Wala usiwe na haraka ya kurudisha."

Shughuli ilianzia kwenye tenki. Langu liko juu ya mnara wa mita tatu, na mita tatu za kimo ni bar 0.3 tu. Mashine ikiletewa maji ya kusuasua hutetemeka na kukohoa. Pampu ikizunguka bila maji kabisa, inakufa. Kichujio nacho kilikuwa kimejaa mchanga wa boza. Nikakisafisha, nikafungua koki yote, ikanguruma. Mtaa mzima ukajua.

Kumbe pevingi zetu ni nyekundu! Miaka ya ukoga ilikuwa imetusahaulisha. Mke wangu akatoka jikoni, akasimama kutazama mstari mmoja uliong'aa, kisha akatazama uwanja uliobaki. "Siku zote tunaishi kwenye hili jalala?"

Nikampa mwanangu bunduki ashike kidogo, nikaingia ndani kupokea simu. Kurudi, nakuta ameandika SIMBA mbele ya geti, herufi za urefu wa mtu mzima. Mimi ni Yanga. Tena Yanga wa kurithi.

Maandishi ya namna ile hayafutiki, maana si uchafu, ni usafi. Dawa yake ni kuosha uwanja wote. Nikaanzia kwenye S. Tenki la lita 1,000 kwa mashine ile halimalizi saa tatu, na langu halikuwa limejaa. Nilipomaliza kuizungushia usafi ile S, bunduki ikatoa hewa. Getini pakabaki IMBA.

"Basi imba," mke wangu akasema, "maji yameisha."

Umeme haukunitisha: mota ya wati 1,800 hula karibu uniti mbili za LUKU kwa saa. Maji ndiyo mwenye nyumba. Kwa laki tatu na nusu, vijana wanaotoza 7,000 wataniosha gari mara 50, kwa maji yao, huku mimi nimekaa kivulini nasoma gazeti. Mwenye kisima anunue, atafurahi. Anayeishi kwa boza aitunze ndoo yake.

Sijanunua, na sioni haja, kwa kuwa ya Baba Naima bado iko kwangu. Kila nikitaka kuirudisha, mtu yuko getini: mwenye bajaji, mama wa mazulia, fundi anayetaka kuosha ukuta kabla ya kupiga rangi. Nimeanza kuelewa ule ukarimu wake. Jumamosi alimtuma kijana kuuliza kama naweza kumwazima mashine kwa nusu saa. Nikamwandika nyuma ya mwenye bajaji.