Nyumba ya Babu na Makochi ya Mombasa

Sisi warithi wa nyumba ya babu iliyoko mtaa wa Mkomani, Lamu, tu kumi na mmoja, na katika miaka yote ya mirathi hiyo hatukupata kuafikiana ila juu ya jambo moja, nalo ni kwamba inavuja. Basi maadamu mimi ndimi niliyestaafu ukarani Mombasa nikiwa na kiinua mgongo mfukoni na, kwa kauli ya shangazi, sina shughuli ya maana, nikakabidhiwa ufunguo, dua njema na ndoo ya kukingia maji.

Nilikusudia kuziba tundu moja kwa muda wa siku tatu. Fundi, mzee aliyeirithi kazi kwa babaye, alipanda ngazi, akaigonga boriti kwa ncha ya nyundo na kuitegea sikio kama tabibu, kisha akashuka kimya na kuomba chai. Vikombe viwili baadaye akanena kuwa boriti saba zimeoza, na kwamba boriti huuzwa kwa korija, kwa hiyo mwenye haja ya saba atanunua ishirini.

Kisa cha ukuta nakisimulia kwa haya. Chokaa yetu asili yake ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo, yakazimwa kwa maji, yakalazwa miezi hata yapoe. Nami, nisiyejaliwa subira ya miezi, nilingoja fundi aende maziko huko Shela, nikaita vijana wawili, tukaukandika ukuta wa msana wa tini, mojawapo ya vyumba virefu vya nyumba, kwa saruji mpaka ukawa laini kama yai, nami nikausifu mwenyewe kwa kukosa wa kunisifia. Walakini kuta za matumbawe hunywa unyevu na kuutoa, nami nilikuwa nimeziziba pumzi. Masika yalipokwisha ukuta ulifura, chumvi ikachomoza mithili ya ukungu wa mkate, na usiku mmoja, tukiwa katikati ya wali wa nazi, bamba la saruji lenye ukubwa wa sinia likaporomoka na kutua kando ya mchuzi. Shangazi hakuinua hata uso.

"Mwanangu," akasema, "sogeza pilipili, imeingia vumbi."

Fundi alipokiona kile kipande alikigeuzageuza mkononi, akasema, "Nyumba hii haili saruji, bwana. Ulimlisha kwa nguvu, akatapika."

Fauka ya hayo, mke wangu alikuwa ameagiza makochi kutoka Mombasa, kwa hoja kwamba umri wake haumruhusu tena kuinuka mkekani bila ya kusaidiwa. Kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari, wachukuzi wanne walilibeba kochi refu kutoka gatini, wakilisimamisha kila pembe kama maiti anayekataa kwenda, hata wakalifikisha dakani; hapo mlangoni likagoma. Mlango wenyewe ni wa nakshi, na tangu mji huu uingizwe katika urithi wa dunia mwaka 2001 mtu hawezi kupasua kizingiti kwa sababu ya kochi, wala sikuthubutu kuwauliza wahusika, maana nilijua watakavyonitazama.

Nikamwambia fundi tulipitishe uani kwa kamba, na ndani tuubomoe ukuta baina ya misana miwili ili lipate nafasi, kwani misana ya Lamu ni mirefu lakini myembamba kama ushoroba. Alinitazama kwa huruma ya dhati. Upana wa chumba, akanieleza, ni urefu wa boriti, na boriti ya mkoko hairefuki kwa kupendwa na mke wa mtu, "nao ukuta ukiondoka, bwana, vichwa vya boriti vitalala wapi? Mawinguni?"

Nyumba sasa inavuja mahali pengine. Kochi lingali dakani, wazee wa mtaa hulikalia kila baada ya alasiri, na juzi mmoja wao aliniuliza, kwa adabu kamili, meza yake itafika lini.