Mwongozo wa Kupanga API kwa Asiye na Haraka ya Kujuta

Hongera. Mradi wenu umefikisha mafaili elfu kadhaa, na leo umekabidhiwa kazi ya kupanga ile sehemu ambayo watu wa nje wataitumia. Ni kazi nyepesi, ilimradi usifikirie habari za mwakani.

Anza kwa kuitangaza kila klasi kuwa ya umma. Ukificha kitu, mwenzako wa timu ya pili atakuja kuomba ukifungue, na hapo itabidi mzungumze. Kisha fungua folda iitwayo utils. Haitakaa muda kabla haijakusanya kigeuza tarehe, kikokotoo cha VAT na nywila ya mtu aliyekwishaacha kazi.

Penye kitu usichotaka kiguswe, usifunge. Andika onyo, uwaamini watu. Wenye Java walijaribu njia hii kwa klasi ya sun.misc.Unsafe, inayoruhusu kuchezea memori moja kwa moja. Ilikuwa ya matumizi yao ya ndani. Programu ya kawaida ikiiomba ilirushiwa kosa, na kompaila ilionya kwamba huenda ikaondolewa toleo lijalo. Mabingwa wakazunguka uani: kwa rifleksheni wakachomoa ile nakala ya siri iliyofichwa ndani ya klasi yenyewe, kazi ikaendelea. Netty ikaitumia, Cassandra ikaitumia, Spark nayo haikubaki nyuma.

Habari za kuifungia katika Java 9 zilipovuma mwaka 2015, ghasia zake hazikuwa ndogo. Toleo hilo likatoka Septemba 2017 na mfumo wa moduli uliobana mambo mengi ya ndani, ila Unsafe ikatengewa nafasi katika moduli ya jdk.unsupported, yaani rasmi haihudumiwi lakini ipo na inafanya kazi. Fankisheni zake za memori zilikuja kutiwa alama ya kuondolewa mwaka 2024, katika Java 23. Dada yake, sun.misc.BASE64Encoder, hakuwa na watetezi wazito; yeye aliondolewa katika Java 9 na waliomtegemea wakahamia java.util.Base64, iliyokuwapo tangu 2014. Funzo kwa mpangaji: kama unataka siri yako idumu, hakikisha wakubwa wanaitumia.

Jiepushe na Go. Tangu toleo la 1.5, mwaka 2015, msimbo ukiwekwa katika folda ya internal, aliye nje ya tawi hilo la mradi hawezi kuuingiza kwake. Hapewi onyo wala habembelezwi, anakataliwa tu. Utakosa barua zote za malalamiko! Tena watu hao wana roho mbaya: ukipitia vitu vya map kwa kitanzi, mpangilio wake hubadilishwa makusudi kila mara, asije mtu akauzoea. Ni kana kwamba walimsikia Hyrum Wright, aliyewahi kufanya kazi Google, anayeshikilia kwamba watumiaji wakishakuwa wengi, kila tabia ya mfumo inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, uwe uliiahidi au hukuiahidi.

Tahajia usiihangaikie. Kile kichwa cha HTTP kinachotaja ukurasa aliotoka mgeni kiliandikwa Referer, r moja imepotea, kikaingia hivyo hivyo katika RFC 1945 ya mwaka 1996. Vivinjari vinakibeba hadi leo.

Na siku ukigundua kosa kubwa zaidi, usifute kitu. Tia alama kwamba kimepitwa na wakati, uendelee na shughuli zako. Fankisheni nyingi za java.util.Date zilitiwa alama hiyo katika Java 1.1, mwaka 1997, na bado zinaitika. Ukiiuliza tarehe ya Januari 2025 ni ya mwaka gani, itakujibu 125. Ukiiuliza mwezi, itakujibu 0. Mteja akipiga simu kuuliza mbona ankara yake ni ya mwezi sifuri, mwelekeze kwenye nyaraka, ambazo utaziandika mradi ukitulia.