Barua kutoka Mainz: Nawarudishia Vifurushi Vyenu

Kwa wazee wangu na ndugu zangu wote wa baraza letu, Mji Mkongwe, Bagamoyo.

Baridi ya huku Ujerumani ndiyo hiyo mliyoisikia, na kazi ni ile ile ya ghalani: kupanga vifurushi vya watu, kila kimoja na jina la mpokeaji, kisije kikaingia nyumba isiyo yake.

Naandika kwa sababu kuna ghala jingine limenijaa. Tangu nihamie huku mmegundua kwamba mtu aliye mbali hana wa kumpelekea umbeya. Basi kila mmoja wenu, watu wakishalala, ananitumia ujumbe wa sauti, na wote mnaanza vilevile: “Hili nakwambia wewe tu, maana wewe haupo hapa.” Nimesikiliza, nimenyamaza, nimetunza. Lakini juzi nilikaa nikazipanga siri hizo kama nipangavyo mizigo, nikakuta karibu zote zimekosewa anwani. Hazikuwa zangu. Zilikuwa za yule anayekaa na mtumaji kwenye benchi moja. Leo nazirudisha kwa wenyewe. Majina nimeyafuta; sauti zenu mtazitambua.

Tuanze na harusi, kwa kuwa ndiyo inayoniamsha usiku. Kadi ya mchango ikitua tu kwenye kundi la WhatsApp, mnamiminika: “Hongera sana!”, “Shughuli ni watu!”, “Andika langu laki!” Ikifika usiku, simu inaanza. Wa kwanza anauliza ukumbi wa nini, na uwanja wa bibi yake pale Dunda unaenea watu na mbuzi wao. Wa pili amehesabu kicheni pati, sendofu, ndoa yenyewe na kikao cha kuvunja kamati, anasema, “Binti mmoja namuaga mara nne, na anahamia mtaa wa pili!” Wa tatu amekopa ili alipe ahadi, na ahadi yenyewe aliitoa baada ya kuona ya jirani yake. Wa nne ndiye mwenyekiti wa kamati. Alikubali uenyekiti, anasema, kwa kuwa kila aliyekuwa kikaoni alionekana ana hamu, akaona haya kuwavunja moyo. Wa tano ni bwana harusi mwenyewe. Alitaka ndoa baada ya Alasiri, pilau, dua, na kufikia Isha kila mtu awe kwake.

Wapendwa, ile shughuli iliyowatoa jasho mwaka jana iliandaliwa na watu wasioitaka ili kuwaridhisha watu wasioitaka. Mtu pekee aliyeifurahia ni MC, naye alilipwa.

Kifurushi cha pili ni bandari ya Bagamoyo. Mwaka 2013 makubaliano ya awali na Wachina yakatiwa saini, zikatajwa dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti yale angeyakubali mwendawazimu tu. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Kwa miaka yote hiyo baraza lenu limekuwa na msimamo mmoja usioyumba, nao umekuwa ukibadilika siku moja baada ya kila hotuba.

Faraghani ni mambo mengine. Aliyeilaani bandari kwa sauti kubwa kuliko wote ana kiwanja Zinga, anasubiri bei ipande. Aliyeisifu kwa sauti kubwa kuliko wote ni mvuvi. Anamwomba Mungu meli zichelewe mpaka wanawe wamalize shule, kwa kuwa hajui ngalawa yake itapita wapi. Kila mmoja ana neno la maana ambalo mwenzake hajawahi kulisikia. Anachosikia ni kelele za mwenzake tu.

Cha tatu ni urithi. Tangu 2006 njia ya kale ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, toka Ujiji hadi kwetu, imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania kule UNESCO. Mgeni akija mnamzungusha Ngome Kongwe, Caravan Serai, Boma la Mjerumani hadi Kaole, mnamsifia kuta za matumbawe na milango ya nakshi mpaka mgeni anatokwa machozi. Usiku ndipo nasikia ya moyoni. “Mwanangu, hizi boriti zimeoza. Mvua ikinyesha nje, na ndani inanyesha. Ningepata bati la bluu na madirisha ya alumini, hata kesho.” Sauti hiyo nimeipata kutoka zaidi ya nyumba moja, na wenye nyumba hizo wanapakana ukuta. Neno hilo mkilisema pamoja, litaitwa ombi la ukarabati, na pengine atapatikana wa kulijibu. Akilisema mtu mmoja, ataitwa msaliti wa historia.

Vidogo vidogo nitavipitia haraka. Yupo aliyerithi ushabiki wa Simba kwa marehemu baba yake, lakini moyo uko kwa watani wao wa Jangwani, na anaamini akijulikana ndugu watamnyima shamba. Yupo asiyekosa Tamasha la Sanaa kila mwaka, anakaa mstari wa mbele, anapiga makofi, na masikioni ana pamba. Kuhusu kahawa ya barazani, nyote mmeniambia kwamba siku hizi ni maji ya moto yaliyopitishiwa habari za kahawa. Nilipanga nimtetee muuzaji, ila naye kanitumia ujumbe wake. Yeye anakunywa chai.

Msidhani wenzetu huku wamepona. Huko mnasema Mzungu hafichi kitu, na ni kweli nusu. Mjerumani atakwambia pilau lako limekauka huku anaomba kijiko cha pili. Lakini mji huu wa Mainz una sherehe yake ya kinyago na mzaha, Fastnacht. Inafunguliwa tarehe 11 mwezi wa 11, saa 5 na dakika 11 asubuhi, na kilele chake ni maandamano ya Jumatatu kabla ya Kwaresima, mji mzima ukipiga kelele “Helau!” Ina pia jioni yake ya televisheni, iliyoanza kurushwa mwaka 1955. Mwenzangu mmoja ghalani, mzaliwa wa hapa, alinivuta nyuma ya makontena akaninong’oneza kwamba haipendi hata kidogo. Kila mwaka wiki hiyo shangazi yake “huugua”. Shangazi huyo anakaa Wiesbaden, ng’ambo ya mto Rhine, kwa watani wa jadi wa Mainz. Akaniomba nisimwambie mtu. Nilimwambia asihofu, nina uzoefu.

Ajabu ni kwamba somo la ukimya wa namna hii lilifundishwa papa hapa, kwenye chuo kikuu cha Mainz, na profesa aliyeitwa Elisabeth Noelle-Neumann. Mwaka 1974 aliandika kwamba binadamu huchungulia kwanza wenzake wanaelekea wapi. Akiona maoni yake yana wengi, hupaza sauti. Akihisi yuko peke yake, hunyamaza. Na kwa kuwa amenyamaza, wenye mawazo kama yake hawamwoni, nao wananyamaza. Alipima kwa swali: tuseme una safari ya treni ya muda wa saa 5, na behewani yumo mtu mwenye msimamo fulani, ungependa kuzungumza naye? Mama huyu ujanani aliandikia gazeti la enzi za Hitler, Das Reich, na uzeeni jambo hilo lilimzulia maneno mengi. Katika somo la kunyamaza hakuwa mgeni.

Mimi nasema angepimia kwenye daladala ya Makumbusho–Bagamoyo. Foleni ya Tegeta ingempa muda wote anaoutaka, na mkifika Mapinga abiria wote mngekuwa mmekubaliana kila jambo, kisha kila mmoja akashuka na lake moyoni.

Hata taifa liliwahi kupimwa namna hiyo. Wazee mtakumbuka mwaka 1991, Rais Mwinyi alipounda tume chini ya Jaji Mkuu Nyalali iwaulize wananchi: chama kimoja au vingi? Asilimia 80 hivi wakasema kimoja kiendelee. Tume ikashauri vingi hata hivyo, na 1992 sheria ikabadilika. Uchaguzi wa 1995, watu wakiwa peke yao na karatasi, Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8. Sisemi watu walidanganya. Moyo wa mtu hugeuka, na kupenda chama kimoja si sawa na kumpenda mgombea mmoja. Lakini kuna mzee wangu mmoja hapo barazani aliyeniambia kwamba yeye alikuwa na majibu mawili, la mbele ya watu na la kwenye sanduku. “Mbele ya watu,” anasema, “nilikuwa na mke, na shamba, na jirani ambaye ni balozi wa nyumba kumi.” Namwelewa kabisa.

Nisiwavue nguo nyie nikabaki na kanzu yangu. Haya ni yangu. Mimi, mtoto wa pwani, sipendi tui la nazi. Wali, maharage, samaki wa kupaka, vyote nakula kwa adabu. Watanzania wa huku tukikutana na kuanza kulilia wali wa nazi wa nyumbani, nami nalia. Pili, nimekuwa nikiwaambia kwamba maisha ya huku ni upweke mtupu. Jumapili maduka yamefungwa, mtaa umenyamaza, hakuna anayebisha hodi bila kupiga simu kwanza. Naipenda Jumapili hiyo kuliko keki. Nawakumbuka sana, wallahi, ila nawakumbuka vizuri zaidi nikiwa nimelala.

Si kila siri ifunguliwe. Mliyoniambia kuhusu mashairi ya mzee mmoja, na majina ambayo wenzenu wamewapa watoto wao, nitakufa nayo. Anayeumia kwa siri hizo zikitoka ni mtu mmoja, na hakuna anayefaidika. Lakini jambo linalotutoa sote fedha, au linalotuvujia sote kichwani, kulificha si staha tena.

Kwa hiyo nina pendekezo. Hapo barazani mna vizibo vya soda vya kuchezea drafti. Kabla ya kamati ya harusi ijayo kuundwa, kila mtu apewe viwili: cha Fanta maana yake ukumbi, cha Koka maana yake uwanja wa bibi Dunda. Izungushwe kofia, kila mmoja atumbukize kimoja, mkono umefumbwa, kingine akifiche mfukoni. Mhesabu mbele ya wote.

Kisha nijulisheni matokeo. Nitasubiri kwa hamu, ingawa nina hakika nitayapata mara mbili: kwenye kundi, yakiwa na hongera nyingi, na usiku, mmoja mmoja, yakianza na “Hili nakwambia wewe tu.”

Wasalaam,
Kijana wenu wa Mainz