Karibu Shaba

Nimeshushwa daraja. Jana usiku, kwenye mchezo wa vita wa mtandaoni, mbele ya mpwa wangu, aliyekaa pembeni akitafuna karanga na kunielekeza kama kocha wa kulipwa. Ngao yangu ya Fedha ikapasuka kwenye skrini, ikaja nyingine ya rangi ya kutu: karibu Shaba. Na muziki juu! "Mjomba," akauliza mtoto, "kwani huku chini kuna nini?"

Aliyenishusha ana picha ya nanasi. Nilikuwa bado najenga kambi ya kwanza, nimejikusanyia mawe na mipango, askari wake sita wa bei ya chini kabisa wakaingia. Hana ukuta, hana uchumi, hana kesho. Kila alichonacho amekituma dakika ya pili. Nikawatoa wachimbaji wangu wapigane kwa sururu. Wamekufa wote, maskini, na mawe yao mikononi. Nanasi akanishukuru kwa mchezo mzuri. Mzuri kwa nani?

Linaloniuma zaidi ni hesabu inayopanga madaraja haya. Mizani hii chimbuko lake ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia Milwaukee, Marekani. Aliitengeneza kwa ajili ya wacheza sataranji. Shirikisho la Marekani likaipokea mwaka 1960, FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, mwaka 1970, na michezo ya mtandaoni ikaja kuirithi na kuiongezea mbwembwe. Ni kitu kizuri kiasi cha kuudhi. Hamjagusa kete, yenyewe imeshatabiri. Mkilingana pointi, nusu kwa nusu. Ukimzidi mwenzako kwa 200, unatarajiwa kuvuna kama ushindi 76 katika kila mechi 100. Ukimzidi kwa 400, kama 91. Mkimaliza, inachukua ulichovuna, inatoa ulichotarajiwa kuvuna, inazidisha kwa kigezo, tuseme 32. Kwa hiyo ukimpiga huyo uliyemzidi kwa 400 unapewa pointi 3, chenji ya daladala. Akikupiga yeye, unatoa 29. Tena kazi ya mizani ni kukutafutia mpinzani wa kiwango chako, maana yake ikifanya kazi barabara, nusu ya jioni zako utalala umepigwa. Shaba, Fedha, Dhahabu ni rangi tu zilizopakwa juu ya namba.

Huko juu kabisa sithubutu hata kutazama. Katika StarCraft II, mchezo wa vita wa aina hii, daraja la Grandmaster lina nafasi 200 kwa kila kanda, kanda kama Amerika, Ulaya na Asia. Sisi wa huku Afrika tunajibanza Ulaya. Nikiwaamuru askari wakimbie, amri inapita chini ya bahari kwanza. Ikiwafikia, wengine wameshazikwa.

Hilo nalimeza. Nisilolimeza ni umeme. Transfoma ya mtaa ikizima, mizani haiandiki kwamba mtaa mzima uko gizani. Inaandika kwamba nimetoroka vita, inakata pointi, halafu inanifungia nje nitafakari tabia yangu. Mpinzani wangu wa Ulaya hajawahi kupoteza hata pointi moja kwa mgao wa umeme, lakini tunapimwa kwa mizani ileile, na namba yangu inasomeka kama akili yangu.

Wiki iliyopita bando lilikata nikiwa nashinda. Juzi paka alikanyaga kibodi, akauza kasri.

Asubuhi ya leo mpwa wangu amefungua akaunti yake. Mpaka adhuhuri alikuwa Dhahabu.